Tundu la Inchi Nane

Mama Subilaga alisema: wewe ni fundi wa matangi,
umeshuka toka Tukuyu na ukungu bado mabegani,
boti yangu haivuji. Uitoboe kwa nini?

Nikamjibu: kweli haivuji.
Inakunywa.

Mwaka ilipofika hapa Matema
vijana wanne waliiburuta mchangani, tena kwa mzaha.
Sasa wanakuja wanane, hakuna anayetania.
Magunia ya mchele yamepunguzwa mawili, halafu matatu,
na bado *Tulinagwe* inakalia mkia
kama mbwa anayesubiri mfupa.

Niliigonga kwa kifundo cha kidole,
vile unavyochagua tikiti soko la Kyela.
Mbele: ngo. Katikati: ngo.
Nyuma, chini ya kiti cha nahodha: du.
Ambokile, mwanawe, akacheka, naye akagonga.
Du.
Akanyamaza.

Mtumbwi wa mti mmoja hauna siri.
Maji yakiingia unayaona, unachota, safari inaendelea.
Faiba ina ngozi mbili,
na kati yake chumba ambacho aliyekijenga
alikifunga akaenda zake,
akatuachia neno tu: humo mna hewa.

Kidirisha nilikinunua Mwanjelwa,
cheusi, cha duara, mfuniko wa kuzungusha kwa mkono.
Nilichora kwa penseli, nikakosea:
nilifuata ukingo wa nje.
Ukikata hapo, kidirisha chote kinatumbukia
na umebaki na shimo lisilo na mwenyewe.
Nikafuta kwa mate. Nikachora upya.

Genereta iliponguruma
Mama Subilaga aliondoka
akaenda kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Vumbi la faiba linawasha kuliko upupu.
Msumeno ulizunguka polepole, nikiwa nimeshikilia pumzi,
maana huwezi kuiomba radhi boti iliyokatwa vibaya.
Kipande kikang'oka, duara kamili.
Ikatoka harufu ya chumba
ambacho hakijawahi kuulizwa habari za asubuhi.

Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi.
Ambokile alichota kwa kopo la rangi ya mafuta
akihesabu ndoo kwa sauti;
ya thelathini na moja ikaja na matope,
sponji lililooza, na penseli nyekundu
ya fundi fulani ambaye hatutamjua,
bado imechongwa vizuri.

Nikaingiza mkono hadi begani, nikapapasa dari lake kwa ndani.
Nilimpata mhalifu: skrubu moja ya kiti,
imekazwa kavukavu, bila silikoni.
Tone kila safari. Tone.
Sisi tunasema haba na haba tukifikiria akiba;
kumbe maji nayo yana kibubu chao.

Tuliiacha wazi siku tatu, jua likachungulia
mahali ambapo halikuwahi kualikwa.
Ndipo silikoni, ndipo pete, skrubu nane,
nikikaza hii kisha ya upande wa pili,
kama nati za gurudumu, bila pupa,
milima ya Ukinga ikinitazama mgongoni.

Vijana walikuja wanane kuishusha majini.
Wanne wakabaki wamesimama, mikono mitupu,
hawajui waiweke wapi.

Nilirudi mwezi wa saba kuchukua debe langu la mchele.
Ambokile akaniambia mama yake hufungua kila alfajiri,
anapiga magoti, anaingiza mkono hadi kiwiko,
anasema "kavu" kwa sauti ya kumtangazia mtu,
ingawa hakuna mtu.

Kile kipande nilichokikata alikuwa amekiokota.
Amekilainisha kwa msasa wangu mwenyewe, nilioudhania umepotea,
na kufunikia mtungi wa Kikisi ulio pembeni ya mlango.
Nilikuwa na kiu. Akashika kata.
Alikiinua, akainama,
akachungulia ndani kwanza kwa muda,
kisha akanichotea.